Baba Njeri, karai la chipo na kolestro iliyoshika kutu

Wacha nianze na kosa langu ndio stori yote ieleweke. Mwaka 2022 tulikuwa na kambi ya matibabu ya bure huko Umoja, Nairobi, Jumamosi, hema limewekwa kando ya barabara, watu wamepiga laini tangu saa moja asubuhi, mimi ni afisa wa kliniki nimekaa kwa meza ya presha na kolestro, na kati ya wale wote niliowaona siku hiyo alikuwa baba mmoja wa miaka 44, muuza chipo. Tumwite Baba Njeri. Si jina lake, na nimegeuza vitu kadhaa asijulikane, lakini mwenyewe ameniruhusu niandike.

Presha ilikuwa 148 kwa 92. Kolestro kwa jumla 5.1. Nikamwambia, "Baba, presha imepanda kidogo, punguza chumvi na urudi tuangalie tena, lakini kolestro iko sawa, hiyo usijali." Akashukuru akaenda kazi. Sasa ile karatasi ilikuwa na namba nne na mimi nilimsomea moja. Zile tatu zingine niliziona vizuri miaka miwili baadaye, bibi yake aliponiletea karatasi imekunjwa kwa bahasha: LDL, ile watu wanaita kolestro mbaya, 3.25, HDL, ile nzuri, 0.8, na triglaiseraidi, mafuta mengine ya damu, 2.3. Mtu wa kazi hii akiona HDL iko chini hivyo, 0.8, kwa mwanaume ana presha na shati linanuka fegi anafaa kusimama kwanza aulize maswali. Mimi sikusimama, laini ilikuwa ndefu.

Aprili 2024, ile ya mafuriko. Jumanne usiku Baba Njeri anamenya waru za kesho, kifua kikaanza kubana ni kama mtu amemkalia, jasho likatoka na hakukuwa na joto, mkono wa kushoto ukawa mzito. Akasema ni ulcers. Hapa Nairobi maumivu yoyote kutoka shingoni mpaka kitovuni ni ulcers ama gesi, tumezoea hivyo, akatuma mtoto kwa kemisti akaletewa ile dawa ya maji ya asidi, akanywa, akalala ameketi. Jumatano akaenda kukaanga chipo na hayo maumivu yakienda yakirudi. Alhamisi asubuhi ndio Mama Njeri alimleta kwetu na boda kwa mvua, midomo imepauka, anaongea maneno mawili anapumzika.

ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ilionyesha ukuta wa mbele wa moyo unakufa. Tukampa aspirini ya miligramu 300 aitafune, tukaita ambulensi, na wenye wanaijua Outering Road siku ya mvua wanajua tulikaa muda gani njiani. Hospitali kubwa walipima troponini ikawa juu sana (hiyo ni protini ya ndani ya seli za misuli ya moyo, ukiikuta kwa damu nyingi hivyo jua seli zimepasuka), na kwa sababu maumivu yalikuwa bado yanaendelea wakampeleka jioni hiyo hiyo kwa chumba cha katheta, pale mrija mwembamba unaingizwa kwa mshipa mpaka kwa moyo. Ateri ya mbele, ile kubwa inayoshuka kushoto, ilikuwa imezibwa na donge la damu. Wakaifungua wakaweka stenti, kale kabomba ka waya ka kuushikilia mshipa ukae wazi.

Hapa ndio kitu kilichonishtua. Daktari wa moyo aliniambia kwa simu kwamba chini ya lile donge, ule utando wa mafuta wenyewe haukuwa mkubwa, kabla donge likae pale njia pengine ilikuwa imepunguka nusu tu, na zile ateri zingine mbili zilikuwa na mikwaruzo midogo midogo. Kumbe haikuwa bomba lililozibika pole pole kwa miaka mpaka maji yakakatika. Ni kidonda kidogo kilichopasuka. Na damu ilionyesha sukari pia, kipimo cha miezi mitatu kilikuwa asilimia 8.4, na hakuwa anajua ana sukari. Eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ya siku ya tatu: moyo unasukuma asilimia 38 ya damu kwa kila pigo. Wewe na mimi tuko 55 kwenda juu.

Nilienda kumwona wodini. Mama Njeri akanitazama, hakupandisha sauti, akaniuliza, "Daktari, si wewe ndio ulisema kolestro iko sawa? Sasa hii imetoka wapi?"

Nimeandika hii yote kwa sababu ya hilo swali.

Kolestro si sumu, na hapa wengi tunachanganyikiwa. Ini lako linaitengeneza kila siku hata ukikula sukuma wiki peke yake, kwa sababu kila seli inaihitaji kwa ukuta wake, na homoni na vitamini D na nyongo zinatoka kwake. Lakini ni mafuta na damu ni maji, kwa hivyo inabebwa ndani ya vifurushi, na LDL ni hivyo vifurushi vinavyoitoa kwa ini kuipeleka mwilini. Kifurushi kikiwa kizima kinafika, seli inafungua mlango, inachukua, na ikishiba inaupunguza huo mlango. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani walipewa Nobeli mwaka 1985 kwa kuueleza mlango huo.

Ila kulikuwa na fumbo. Kuna watu wanazaliwa bila huo mlango wa LDL kabisa, na ungedhani seli zao haziwezi kujaa kolestro, lakini hao ndio mishipa yao hujaa mafuta mapema kuliko wote, wengine wanapata mshtuko wa moyo wakiwa watoto. Sasa mafuta yanaingia kwa mlango gani? Brown na Goldstein wakaona mwaka 1979 kwamba zile seli kubwa za ulinzi, zile zinameza uchafu na bakteria, haziigusi sana LDL nzima, lakini ukiibadilisha kidogo kwa kemikali zinaimeza bila kukoma, kwa mlango mwingine ambao haufungi hata seli ishibe aje. Miaka ya 80 kundi la Daniel Steinberg huko California likaonyesha ni nini kinaibadilisha mwilini: oksijeni. LDL inapenya ukuta wa ateri, inakwama humo, inashambuliwa na oksijeni yenye hasira inayotoka kwa seli zenyewe, inaoksidishwa. Mimi nawaambia wagonjwa wangu imeshika kutu, kwa sababu ndio kitu kile kile kinachofanya msumari ugeuke rangi na mafuta ya zamani yanuke.

Seli ya ulinzi ikimeza kutu inajaa matone ya mafuta mpaka chini ya darubini inafanana na povu. Nyingi zikirundikana pamoja unapata huo utando, na zikifia humo ndani zinaacha uji wa mafuta umefunikwa na kifuniko chembamba, na seli hizo hizo zikiwa hai zinatoa vimeng'enya vinavyokula kifuniko. Kikipasuka damu inaona kidonda, inaganda. Hiyo ndio Jumanne usiku ya Baba Njeri. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walipima LDL yenye kutu kwa damu ya wagonjwa na kuikuta iko juu zaidi kwa wenye mshtuko wa moyo kuliko wale wana maumivu ya kifua ya kawaida yasiyobadilika.

Kwa hivyo Mama Njeri, jibu la kwanza ni kwamba ile 5.1 ilikuwa inapima tu kolestro iliyo ndani ya vifurushi. Haikuwa inasema vimekaa ukutani miaka mingapi wala vinaoksidishwa na nini. Na bwana yako alikuwa na kila kitu cha kuleta kutu. Fegi kumi kwa siku miaka 20, na moshi wa fegi unaingiza hiyo oksijeni yenye hasira moja kwa moja. Sukari, ambayo inaganda juu ya LDL na kuifanya ioze haraka. Presha, inayosukuma na kuumiza ile ngozi laini ya ndani ya ateri. Na hiyo HDL ya 0.8, ambayo ndiyo iliniuma zaidi nilipoiona, kwa sababu HDL haibebi kolestro kurudisha kwa ini tu, inabeba pia kimeng'enya kinaitwa paraoksonesi kinachozuia LDL isishike kutu. Sasa askari ni wachache na wezi ni wengi.

Halafu kulikuwa na karai.

Baada ya yeye kutoka hospitali nilipita kibandani kwake jioni moja, nilitaka kuona. Chipo mwitu, smokie, mayai, vipande vya kuku, soseji, vyote vinapita kwa karai moja la chuma. Nikamuuliza kijana wake anayemsaidia mafuta yanabadilishwa lini. Akanishangaa. "Hatubadilishi daktari, tunaongezea." Asubuhi wanamwaga ya kupima juu ya ya jana, ambayo iko juu ya ya juzi, na yakitoa povu na moshi ndio wanajua yamechoka. Rangi ilikuwa ya chai ya rangi iliyosahaulika kwa jiko.

Watu wengi watasema, lakini chupa imeandikwa haina kolestro. Ni ukweli, na mafuta ya mimea hayajawahi kuwa na kolestro ya maana, ukiona hiyo imeandikwa wanakuuzia sifa ya mmea wenyewe. Tatizo ni yale yanayotokea kwa moto. Mafuta ya mimea yakipashwa mpaka nyuzi 180 tena na tena yanavunjika kuwa peroksidi na aldihaidi, na hizo zikiingia kwa damu zinakuwa kama cheche za kuwasha kutu kwa LDL yako. Chuma cha karai kinaharakisha. Makombo yaliyoungua yanaharakisha. Na kuongezea mapya juu ya ya zamani ni kama kuweka nyanya nzima juu ya iliyooza, ya zamani yanayachafua mapya siku hiyo hiyo. Watafiti wa Malaysia walilisha panya mafuta ya mawese yaliyopashwa mara tano au kumi na presha ya hao panya ikapanda kuliko wale wa mafuta mabichi.

Na kuku na yai na soseji zinaleta kolestro yao wenyewe. Inayeyukia kwa hayo mafuta, inapikwa humo masaa mengi, inatoka ikiwa imeshaoksidishwa tayari kabla hujaiweka mdomoni, na inafyonzwa. Kundi moja la San Francisco lilionyesha mwaka 1998 kwamba sungura waliopewa kolestro yenye kutu walipata madoa ya mafuta mengi zaidi kwa ateri kubwa kuliko waliopewa kolestro ile ile ikiwa safi, na baadaye wakaonyesha kwa binadamu kwamba kolestro yenye kutu ya chakula inaonekana kwa damu baada ya kula. Kitu kama hicho kilionekana kwa samli ya Kihindi mwaka 1987, siagi mbichi haikuwa na kolestro yenye kutu lakini samli ile iliyochemshwa ilikuwa nayo nyingi. Sasa hapo usiogope yai, yai la kuchemsha ni tofauti kabisa na yai lililoogelea kwa karai la wiki tatu.

Baba Njeri alikuwa anakula kutoka kwa hilo karai kila siku. Chakula cha mchana ni chipo zilizobaki, na usiku ni zile hazikununuliwa, kwa sababu kutupa chakula na una watoto watatu shuleni haifikiriki.

Lakini nisidanganye mtu. Ukiniambia nipange lawama kwa mpangilio nitaweka fegi kwanza, sukari ambayo haikutibiwa ya pili, presha ya tatu, karai la nne. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakitupa mafuta wanaendelea kuvuta, wanaona wamejitibu. Pia zile stori za mafuta ya transfoma kukaangia chipo, ambazo zimeripotiwa kweli hapa Kenya kwa miaka mingi, zinatufanya tuone mafuta ya kawaida yakiwa meusi hayana shida bora si ya transfoma.

Sasa sehemu ambayo sikuwa naielewa vizuri hata mimi, na ndio imenifanya nisome usiku mwingi. Stenti iliwekwa Aprili. Alipewa dawa zake: aspirini na klopidogreli za kuzuia damu isigande, atovastatini ya 80 ya kolestro, bisoprololi na enalaprili za moyo na presha, na metformini ya sukari. Wiki ya saba akaacha karibu zote. Jirani alimwambia hizo za kolestro zinakula maini na zinamaliza misuli ya miguu, akamletea mchanganyiko wa kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na asali, na mtu mwingine akamuuzia vidonge vya vitamini E kwa bei ambayo sitaandika kwa sababu inanikasirisha. Alibaki na aspirini kwa sababu ni bei rahisi, na nadhani hiyo ndio ilimwokoa, kwa sababu kuacha klopidogreli mapema hivyo na stenti mpya ni kucheza na kifo. Fegi alipunguza mpaka mbili tatu kwa siku.

Septemba akarudi. Miguu imevimba mpaka viatu vya sandak haviingii, analala na mito mitatu, akipanda ngazi za ploti anasimama mara mbili. Eko: 33. LDL 3.4. Walimrudisha kwa katheta wakitarajia stenti imeziba. Stenti ilikuwa wazi, damu inapita vizuri, hakuna kidonda kipya.

Mama Njeri tena, safari hii akiwa amechoka kabisa: "Kama bomba liko wazi, moyo unachoka na nini?"

Jibu kubwa ni kwamba aliacha bisoprololi na enalaprili, na moyo uliojeruhiwa bila hizo dawa unatanuka na kulegea, hakuna mjadala hapo. Lakini kuna jibu la chini yake, nalo liko ndani ya seli zenyewe.

Seli ya misuli ya moyo ni kitu cha ajabu. Karibu theluthi moja ya ndani yake ni mitokondria, yaani majiko ya kuunguza mafuta na sukari kupata nguvu, kwa sababu moyo unapiga mara laki moja hivi kwa siku na hauna siku ya kupumzika. Majiko mengi hivyo maana yake ni cheche nyingi, oksijeni yenye hasira inatoka hapo kila sekunde hata kwa mtu mzima wa afya, na seli ina njia zake za kuizima. Na hizi seli hazibadilishwi kama za ngozi. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walitumia kaboni 14 iliyobaki hewani baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia kuhesabu umri wa seli za moyo, wakapata kwamba kwa kijana wa miaka 25 ni kama asilimia 1 tu inafanywa upya kwa mwaka, na kwa mzee wa 75 haifiki nusu asilimia. Nilisoma hiyo nikamfikiria Baba Njeri. Zile alizopoteza kati ya Jumanne usiku na Alhamisi zimeenda. Zile zimebaki ndio hizo.

Na hizo zilizobaki zina mlango wa kutu. Mwaka 1997 Tatsuya Sawamura na wenzake huko Japani waligundua kwa ngozi ya ndani ya mishipa mlango unaopokea LDL iliyooksidishwa, wakauita LOX-1, na baadaye ukaonekana kwa seli za misuli ya moyo pia. Kwa moyo uliotulia ni michache. Lakini seli ikikosa damu, ama sukari ikiwa juu, ama ile homoni ya angiotensini inayopandisha presha ikizidi, hiyo milango inaongezeka. Yaani seli iliyoumia ndio inafungulia kutu milango zaidi, na hilo nilipolielewa niliweka kalamu chini.

Kutu ikigusa mlango, seli inawasha mashine yake ya ndani ya kutoa oksijeni yenye hasira, inajiongezea moto juu ya ule wa majiko. Mitokondria zinaanza kuvuja, protini moja inayofaa kukaa humo ndani inatoka nje, na hiyo ni ishara kwa seli kwamba ijiue kwa utaratibu. Kuna aina moja ya kolestro yenye kutu, 7-ketokolestro, ambayo inapatikana kwa wingi kwa tando za ateri na ukiiweka kwa sahani ya maabara na seli zinakufa hivyo hivyo. Kabla hata seli ife inadhoofika, kwa sababu kila pigo la moyo ni kalsiamu inatoka kwa ghala inabana misuli halafu pampu inairudisha, na oksijeni yenye hasira inaharibu hiyo pampu na kutoboa lile ghala. Kalsiamu inavuja, seli haibani vizuri na haitulii vizuri, na pigo linaweza kuruka. Mahali seli imekufa jirani zake wanajaza kovu, na kovu halipigi. Panya waliozalishwa bila mlango wa LOX-1, wakifungiwa ateri ya moyo halafu ikafunguliwa, sehemu inayokufa ni ndogo kuliko panya wa kawaida. Hata ule ufunguzi wenyewe una gharama, damu ikirudi kwa ghafla inarudi na oksijeni na kunatokea mlipuko wa hiyo hasira kwa dakika za kwanza, lakini usipofungua unapoteza kila kitu, kwa hivyo unafungua.

Kwa hivyo bomba lilikuwa wazi na ndani ya nyumba bado kunaungua. Sukari haijatibiwa, fegi bado, angiotensini haina wa kuizuia kwa sababu enalaprili ameiacha, LDL imerudi 3.4.

Mtu atauliza, kama shida ni kutu si vitamini E ndio dawa? Hata mimi ningedhani hivyo, kwa sababu inazuia kutu kwa chupa. Ilijaribiwa vizuri. Utafiti mkubwa wa HOPE, zaidi ya watu 9,000 wenye hatari ya moyo, vidonge vya kila siku vya yuniti 400 kwa zaidi ya miaka minne, matokeo yakatoka mwaka 2000: hakuna tofauti na vidonge bandia. Ulinzi wa chupani hauendi ndani ya ukuta wa ateri vile tunataka. Kitunguu saumu weka kwa mboga, ni kitamu, lakini usikiweke mahali pa statini, zile dawa za kolestro kama atovastatini. Kilichofanya kazi ni njia isiyo na maringo, kupunguza LDL yenyewe ndio vifurushi vya kukwama ukutani viwe vichache. Statini zilitokana na kazi ya Akira Endo, Mjapani aliyeitafuta dawa kwa kuvu miaka ya 70, na utafiti wa nchi za Skandinavia wa 1994 ulionyesha kwa wagonjwa wa moyo kwamba vifo vilipungua kwa asilimia 30. Ini tunalipima, na kweli kuna wachache linawasumbua ama misuli inauma, wakisema tunabadilisha dozi. Nilimwambia Baba Njeri nataka aniletee maumivu yake kabla ayapeleke kwa jirani.

Akarudishiwa dawa zote, wakaongeza spironolaktoni ya moyo na dapaglifozini ambayo inasaidia sukari na moyo kwa pamoja. Fegi ilikuwa vita. Ile siku Njeri mwenyewe, yuko darasa la saba, alimwambia "Baba, wewe ukivuta mimi nahesabu," ndio ilifanya kazi kuliko maneno yangu yote ya miezi sita.

Karai tulikaa chini tukapiga hesabu, kwa sababu kumwambia mtu amwage mafuta ya lita 20 kila siku ni kumwambia afunge biashara. Tukakubaliana hivi: kuku na soseji ziwe na sufuria yao ndogo ili isichafue ya chipo, moto usifike pa kutoa moshi na hapo akanunua kipimajoto asipite 175, jioni yachujwe kwa kitambaa yakishapoa na yafunikwe yasipigwe na mwanga, na hakuna kuongezea, yakichoka yanatoka yote. Nchi kadhaa za Ulaya zinapima uchafu wa mafuta na mashine na kuyatupa ukifika asilimia 25 hivi, sisi hatuna hiyo mashine, tunatumia macho na pua: yakinata, yakitoa povu halishuki, yakitoa moshi kabla ya wakati wake. Siku ya kwanza alilalamika hasara, lakini akaona mafuta yanadumu zaidi kwa kuchujwa kuliko vile alidhani, na yaliyochoka anamuuzia mama mmoja wa kutengeneza sabuni. Mwenyewe siku hizi anabeba githeri kwa kontena. Anasema wateja wanamuuliza kwa nini hali chipo zake na yeye anawaambia ukweli, na bado wananunua.

Machi 2025 alikuja kliniki na miguu yake, bila boda, na mito ni mmoja. Eko 44. Haitafika 55, nimemwambia, lile kovu la mbele litakaa hapo. Presha 122 kwa 78. Nilikuwa naandika kwa faili, karatasi ya maabara iko mezani, Mama Njeri akaisukuma mbele yangu na kidole.

"Daktari, leo tusomee zote."

Nikasoma. Jumla 3.2. LDL 1.5. HDL 1.0. Triglaiseraidi 1.6. Akauliza hiyo HDL mbona bado iko chini, nikamweleza, akatoa kalamu kwa mkoba akaandika kando ya namba.